Taa zilipofifia, nami niliziona

Swali la wiki hii lilikuwa: "Je, hadithi za kubuni zinaweza kutusaidia kuelewa mahusiano ya unyanyasaji, au zinatuliza tu na kutuacha tulivyokuwa?"

Zinaweza. Nasema hivyo kwa sababu dada yangu aliishi miaka sita na mwanamume aliyemnyanyasa, nami niliyekuwa nikiongea naye karibu kila siku sikutambua kitu. Nilichojua ni kwamba ana mume mwenye wivu. Akija kwangu, simu yake haikuingia mkobani. Ilikaa mapajani, kioo juu, na ikiita tu ameshapokea. Siku moja aliniomba nisogee kidogo apige picha ya sebule, amtumie mumewe aone yuko wapi na yuko na nani. Nikamwambia ana bahati ya kupendwa hivyo. Akacheka. Wakati huo hakuwa amepigwa hata kofi, na kwangu mimi unyanyasaji ulikuwa kofi.

Kofi lilipokuja, na mengine baada yake, nilimwuliza lile swali ambalo wengi wetu tumewahi kumwuliza mtu: "Sasa kwa nini huondoki?" Hakunijibu. Akapunguza kunipigia simu.

Kilichonifumbua macho ni tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton, Gas Light, iliyochezwa jukwaani mara ya kwanza mwaka 1938. Mume anaficha vitu nyumbani. Picha inatoweka ukutani, naye anamshikilia mkewe kwamba ndiye aliyeiondoa na kusahau, na kwamba akili zinamruka. Kila usiku mume akishatoka, mke anaona taa za gesi zinafifia. Akikaribia kurudi, zinang'aa tena. Kumbe bwana huyo anazunguka na kuingia kwa siri ghorofa ya juu, anawasha taa huko ili atafute vito ambavyo zamani aliua mtu kwa ajili yake, na gesi ya vyumba vya chini inapungua. Jina la tamthilia hiyo ndilo lililozaa neno gaslighting, ambalo wazungumzaji wa Kiingereza hulitumia leo kwa ule ukatili wa kumfanya mtu azitilie shaka akili zake mwenyewe.

Jambo lililonishika ni dogo: watazamaji nao wanaziona taa zikififia. Mume anaposema mkewe anawaza vitu visivyokuwepo, ukumbi mzima unajua anadanganya. Maishani mashahidi hao hawapo. Mlango umefungwa, limebaki neno la mke na neno la mume, na mara nyingi mume ndiye anayeongea kwa utulivu huku mke akilia na kuchanganya tarehe. Tunamwamini aliyetulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hadithi iliyoandikwa vizuri inakulaza hapo usiku kucha.

Tena inakulaza taratibu. Taarifa ya habari huanzia mwisho, kwenye jeraha au maiti, na msomaji anashangaa mtu alikubalije kufika huko. Riwaya huanzia kwenye ucheshi wake, zawadi zake, namna alivyokumbuka jambo ulilolitaja mara moja tu. Nawe msomaji unampenda. Rafiki wa kwanza anapokatazwa kuja, unamtafutia mume sababu, kama mke anavyomtafutia. Ukija kustuka umeshafika ukurasa wa 150. Mwandishi anayemleta mtesaji akiwa jitu la kutisha tangu mwanzo ametupoteza, kwa sababu hakuna anayeolewa na zimwi.

Na lile swali langu la kuondoka, mwandishi Mwingereza Anne Brontë alilijibu mwaka 1848 katika riwaya yake The Tenant of Wildfell Hall. Helen, mhusika mkuu, ameolewa na mlevi ambaye yeye Helen aliamini atambadilisha. Anapanga kutoroka na mwanawe na kuishi kwa kuuza picha anazochora. Mume anaisoma shajara yake, anaugundua mpango, anamnyang'anya funguo na fedha, kisha anatupa motoni rangi na brashi zake. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Hakumpiga, lakini alijua hasa ni kitu gani kingemtoa ndani ya nyumba ile, akakichoma. Wanaowasaidia wanaoteswa wanajua pia kwamba wakati wa kuondoka, na siku zinazofuata, hatari ya kuuawa huwa kubwa zaidi. Huko Uingereza, nchi ya Helen, na Wales, kumdhibiti mwenzi kwa namna hiyo, hata bila kipigo, kulifanywa kosa la jinai mwaka 2015.

Si kila hadithi inasaidia. Zipo, tena zinapendwa sana, ambamo mwanamume anapekua simu, anamfuata msichana asikotakiwa, anamshika mkono kwa nguvu, na mwisho ni harusi. Hizo zinanikasirisha kwa dhati. Nililelewa nazo, na ndizo zilizonitia mdomoni yale maneno ya bahati siku ile ya picha.

Nilirudi kwa dada yangu na swali jingine. Nilimwuliza jioni zake zilikuwaje. Alizungumza hadi usiku wa manane. Aliniambia alijifunza kuusikiliza ufunguo: ukiingia mlangoni moja kwa moja, watakula kwa amani, ukikwaruza, anawahi kuwalaza watoto na kuondoa glasi mezani. Miaka sita aliusikiliza ufunguo ule.

Sasa anakaa kwangu na wanawe. Nikirudi jioni, kabla sijaugusa mlango, huwa namwita kwa jina nikiwa bado nje.