Siku moja ya mvinyo na chakula kutoka Cape Town: chagua bonde moja

Mkuu, umesema kikao chako Cape Town kinaisha Jumamosi, Jumapili nzima ni yako, na unataka kuzunguka mabonde ya mvinyo ya Stellenbosch, Franschhoek na Paarl siku hiyohiyo. Nimeishi huku miaka saba na wageni wangu nimewapeleka kote. Nakuomba uchague bonde moja tu.

Mara ya kwanza nilipanga kama wewe. Kufika shamba la tatu ulimi umeshakufa ganzi, mvinyo huu na ule siutofautishi, na jiko lao limefungwa. Tulirudi na njaa hadi mjini. Mashamba mengi hupika mchana tu, kwa hiyo weka nafasi ya meza mapema, Jumapili hasa.

Ningekuwa wewe ningekwenda Franschhoek, mwendo wa saa moja na ushee. Jina lake maana yake ni kona ya Wafaransa, maana Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walipewa ardhi pale mwaka 1688. Kuna tramu ya mvinyo: unakata tiketi ya siku, inakushusha shambani, unaonja, unakula, kisha inayofuata inakuchukua. Zipo tiketi zenye usafiri kutoka Cape Town kabisa, ndiyo maana nasema usikodi gari. Mashamba matatu yatosha, la kati liwe la chakula.

Usiondoke tumbo tupu. Jumapili asubuhi pita Bo-Kaap, mtaa wa hapo Cape Town, ule koesister, kitu cha unga chenye iliki, kimechovywa kwenye shira na kunyunyiziwa nazi. Mtu wa pwani ataikumbuka kaimati ya bibi yake. Mchana, ukiikuta bobotie agiza: nyama ya kusaga yenye bizari na zabibu kavu, juu imemwagiwa mayai na maziwa ikaokwa, inaliwa na wali wa manjano. Mimi huinywea Chenin Blanc, mvinyo mweupe ambao Afrika Kusini inaulima kuliko nchi yoyote. Onja na Pinotage, zabibu ya hukuhuku, aliyoizalisha Profesa Abraham Perold mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Kama umezoea ule mtamu wa Dodoma, itakukausha mdomo mwanzoni. Ipe nyama ya kuchoma, utaielewa.

Ndege yako ikiwa ya jioni, achana na Franschhoek, nenda Groot Constantia. Ni karibu, ndani ya jiji, na shamba limeanza 1685. Ila usiishie kwenye chumba cha kuonjea. Ingia nyumba kubwa ya makumbusho usome habari za watumwa. Waliletwa kutoka Indonesia, India, Madagascar na Msumbiji, pwani yetu hiihii, na mikono yao ndiyo iliyolima mizabibu. Bobotie na koesister vimetoka kwa watu hao na vizazi vyao. Mimi niliyasoma yale nikiwa nimeshamaliza kuonja, nikajuta. Tangu hapo kila mgeni wangu naanza naye kwenye makumbusho, glasi baadaye.

Umeuliza pia kuhusu shemeji asiyekunywa. Mke wangu naye hanywi, na hajawahi kuchoka safari hizi. Muulizie juisi ya zabibu anapofika tu, na sehemu nyingine huonjesha chokoleti au jibini bila mvinyo. Februari na Machi ni mavuno, harufu ya zabibu zinazochachuka unaipata tangu getini. Mkija miezi hiyo bebeni kofia na maji, jua la bonde lile ni kali kuliko la mjini.