Maswali ya Meno: Jino limenyamaza, lazima nirudi?

SWALI: Daktari habari ya kazi. Nilianza kutibiwa mzizi wa jino la nyuma, wakatoa neva wakaweka dawa ndani na kizibo cha muda, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Sasa uchungu umeisha kabisa na pesa ni ngumu, naweza ngoja hadi mwisho wa mwezi ujao? Halafu juzi nikitafuna mahindi choma hapo steji kipande kidogo cha kizibo kikatoka.
– Msomaji, Umoja

JIBU: Pole ndugu yangu, lakini mahindi choma na jino la aina hiyo jamani! Limenyamaza kwa sababu neva ilitolewa, na jino lisilo na neva linaweza kuendelea kuoza bila kukuambia kitu. Kizibo cha muda ni laini na hakikai sana, kikichakaa mate na bakteria wanaingia kwa mfereji wa ndani ya mzizi uliosafishwa na kazi inaanza upya, na pengine ulipe tena. Kama pesa ndio shida piga simu klinikini useme hivyo, wengi watakubali ulipe pole pole, kuliko upotee tu.

Hicho kipande kilichotoka, kama shimo bado limezibwa usiwe na presha, lakini wapigie leo uwaambie. Ukianza kusikia ladha chungu ya dawa mdomoni au kizibo kitoke chote, usingoje siku ya kurudi, nenda mapema, na usijazie na chingamu, pamba wala gundi (watu hujaribu, nimeona). Suuza na maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, hasa ukishakula.

Tafuna upande ule mwingine. Hilo jino limechimbwa katikati kwa hivyo linapasuka rahisi, na likipasuka hadi kwa mzizi mara nyingi ni kung'oa tu. Miwa, njugu, mifupa ya nyama choma, githeri ya mahindi magumu, weka kando kwa sasa. Ugali, ndengu, viazi, ndizi hazina shida.

Ukirudi kutibiwa, siku chache jino likiuma kidogo ukilifinya ni kawaida, panadol inatosha, brufen pia kama huna vidonda vya tumbo au shida ya figo, na kama wewe si mjamzito. Ila usinunue amoxil duka la dawa ati ukae nayo badala ya kurudi, ndani ya hilo jino hakuna damu tena ya kuipeleka dawa. Shavu likifura, ukipata homa, au mdomo ukikataa kufunguka, nenda siku hiyo hiyo, na ukishindwa kumeza au kupumua nenda hospitali usiku huo huo usingoje kukuche.

SWALI: Mimi pia nina kizibo cha muda, naogopa kupiga mswaki hapo, si nitaking'oa?
– Mama wa watoto wawili, Kayole

JIBU: Piga tu mama, asubuhi na usiku, brashi laini, pole pole. Ufizi ukiachwa mchafu unavimba halafu unafikiri ni jino. Uzi wa kusafisha katikati ya meno pia tumia, ila ukimaliza usiuvute kwenda juu, uachilie upande mmoja uutoe kwa pembeni, ukiuvuta juu ndio unaweza kutoka na kizibo. Toothpick achana nayo hapo kwanza.