Uko kidato cha tatu Malindi na umeambiwa uruke kalkulasi? Usithubutu

Usiruke. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba uko kidato cha tatu hapo Malindi, KCSE yako, ule mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ni 2027, unataka kusomea uhandisi, na mwalimu wa tuisheni ya likizo amewaambia muiache kalkulasi yote pamoja na longitudo na latitudo kwa sababu "Sehemu ya Pili unachagua mwenyewe", yaani ya karatasi ya hesabu. Kisha ukauliza ununue kalkuleta gani, kama inafaa kwenda tuisheni Mombasa likizo ya Desemba, na kama kudurusu usiku ni bora kuliko alfajiri. Mimi nilipofika hapo kwenye kuruka chai ikanipalia, hayo mengine nimeyasoma kwa jicho moja.

Maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi Lamu nikiwa kidato cha nne. Aliyeniambia alikuwa na shati lililopigwa pasi, alilipwa kwa wiki, na alikuja na fotokopi zilizoandikwa juu "Mada za Uhakika". Tukamwamini. Mbona tusimwamini? Hesabu yake ilikuwa nyepesi: Sehemu ya Pili ina maswali 8, wewe unajibu 5, kila moja alama 10. Kwa hivyo 3 ni ya kutupa. Ukishajua utakayoyatupa, ya nini kujichosha kuyasoma? Wallahi hata sasa nikiiandika naiona ina akili, na hapo ndipo ilipotumaliza.

Sasa sikiliza alichokificha, au labda hakukijua, sijui kipi kibaya zaidi.

Kwanza, kuna Sehemu ya Kwanza. Maswali 16, alama 50, na hakuna cha kuchagua. Kalkulasi haijafungiwa Sehemu ya Pili. Inajipenyeza na huku, mlinganyo wa tanjenti alama tatu, mwendo na kasi alama nne. Unazitoa sadaka.

Pili, kuchagua 5 kati ya 8 kunafanywa ndani ya chumba cha mtihani, ukiwa umeyaona yote manane. Ukichagua mwaka mzima kabla, siku hiyo huchagui tena. Unayo matano tu uliyobakishiwa, na katika hayo matano halikosi moja la vekta la kukutoa jasho, nawe huna pa kukimbilia. Watu waliosoma kila kitu wanalikunjia uso swali la vekta, wanapita. Wewe unakaa nalo.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka utulie: mada haziji moja moja. Chukua hili. Nimelitunga mwenyewe lakini sura yake utaikuta ukifungua karatasi za miaka iliyopita. Grafu ni y = x³ − 6x² + 9x, kutoka x = 0 hadi x = 3.

Unaambiwa ujaze jedwali: y ni 0, 4, 2, 0. Hilo hata mdogo wako analiweza. Unaambiwa ukadirie eneo kati ya grafu na mhimili wa x kwa kanuni ya trapeza, vipande 3: nusu ya (0 + 2(4 + 2) + 0), unapata 6. Safi. Kisha unaambiwa utafute eneo kamili kwa intigresheni, ile kalkulasi ya kutafuta eneo. Inakuwa x⁴/4 − 2x³ + 9x²/2, unaweka 3, yaani 20.25 − 54 + 40.5, jibu 6.75. Mwisho, asilimia ya kosa la makadirio yako: 0.75 gawanya kwa 6.75, zidisha kwa 100, kama 11.1.

Wewe uliyeruka intigresheni unaishia kwenye lile 6. Asilimia ya kosa ni mada ya kidato cha tatu, unaijua, umeifanya mwaka huu huu, lakini huna cha kugawanyia. Umeruka mada moja, ukapoteza na ile uliyoisoma. Mwalimu wa Mada za Uhakika alikuwa likizoni siku tulipokutana na swali la aina hiyo.

Na ukiwa na difrensiesheni pia, ile kalkulasi ya kutafuta mteremko wa grafu, swali lenyewe linaanza kuongea. Mteremko wa grafu yetu ni 3x² − 12x + 9, yaani 3(x − 1)(x − 3), kwa hivyo grafu inapanda hadi 4 pale x = 1, inashuka, inaugusa mhimili pale x = 3. Ndipo unaelewa kwa nini trapeza ilitoa pungufu: vipande viwili vya kwanza grafu imebenuka juu ya mstari wa trapeza, cha mwisho imebonyea chini yake kidogo. Mtu anayeona hivyo hahitaji kukariri chochote, na akikosea anajua amekosea kabla msahihishaji hajajua.

Hii ya longitudo na latitudo ndiyo inayonichoma kabisa. Mtu wa pwani! Wazee wetu wa Lamu walikwenda Arabuni na upepo wa kusi wakarudi na wa kaskazi, jahazi limejaa boriti wakienda na tende wakirudi, na usiku wanasoma nyota. Mjukuu anaambiwa digrii 1 ya latitudo kuwa maili 60 za baharini ni ngumu mno, airuke. Digrii 15 za longitudo ni saa 1, digrii 1 ni dakika 4. Ukitembea juu ya duara la latitudo unazidisha hizo maili 60 na kosaini ya hiyo latitudo. Umeshamaliza zaidi ya nusu ya mada hapo uliposimama. Na sisi tulio karibu na Ikweta, Lamu ikiwa kama digrii 2 kusini, hiyo kosaini ni karibu 1; hata hesabu yenyewe inatuonea huruma.

Utaniuliza, je, nilianguka? La. Nilipita, tena nikapata alama za kuniingiza uhandisi, na nasikia yule bwana mpaka leo ananitaja kwa wateja wapya kama ushahidi. Yangu yalinikuta chuoni. Kalkulasi ya KCSE ni ya polinomia tu, x na vipeo vyake, basi. Chuoni muhula wa kwanza mhadhiri anagusa limiti, anaingia kanuni ya mnyororo, anakuja saini na kosaini, anakuja e kipeo x, na anaenda kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba polinomia uliimaliza shule. Haulizi nani hajui. Mimi ile alama ndefu ya intigresheni niliijua kwa sura tu, kama jirani wa mtaa wa pili.

Somo likanishinda, na kalkulasi ya kwanza ndiyo mlango wa kalkulasi ya pili, ya pili ndiyo mlango wa milinganyo ya difrensia, na bila hiyo masomo ya saketi na mitambo yanakusubiri nje. Ukifungiwa mmoja umefungiwa yote. Ukawa mwaka wa ziada, ada ikatoka kwenye mahamri ya mama. Wenzangu wakapiga picha na majoho, mimi nikawa mpiga picha. Nilipiga vizuri, msicheke.

Kwa hivyo wewe uliyejibu hapo juu kwamba "hesabu za chuo zinafunzwa chuoni", kweli, zinafunzwa, kwa wanaojua za shule. Mdogo wangu, usimsikilize. Usimsikilize na mwalimu wako wa tuisheni kwenye hili. Yeye analipwa ujisikie umemaliza silabasi mapema. Mwalimu wako wa darasani, huyo mnayemwita mkali, hana haja ya kukufurahisha. Mfuate mapumziko na daftari.

Mimi nashika moja tu: mada hairukwi, na inayokutisha ndiyo unayoanza nayo asubuhi. Si jioni ukiwa umechoka, asubuhi. (Kumbe nimejibu na lile swali la usiku au alfajiri.)

Na ukianza kalkulasi utagundua kitu: mara nyingi si yenyewe inayokushinda. Kushusha kipeo mbele na kupunguza moja hata mtoto wa chuoni, wa madrasa, anafundishika kwa siku moja. Unashindwa kwa sababu vipeo hasi vinakuchanganya, kutoa vigawo umesahau, fraksheni unazikimbilia kwa kalkuleta. Rudi huko kwanza. Chukua vipeo, vigawo, gradienti ya mstari ulionyooka, hata kama unaona aibu kushika kitabu cha kidato cha pili. Nyinyi wa 2027 ndio wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4, nyuma yenu hakuna darasa jingine la kidato cha nne la kwenda kuketi nalo urudie.

Na uandike hatua. Zote. Jalada la karatasi ya mtihani lenyewe linasema alama zaweza kutolewa kwa njia sahihi hata kama jibu si sahihi, na bado kila mwaka watu wanaandika jibu tupu katikati ya ukurasa mweupe. Kwenye intigresheni isiyo na mipaka usisahau ile c mwishoni, inakula alama za watu wasiostahili kupoteza.

Kalkuleta: isiyo ya kuprogramu na isiyolia. Basi.

Sasa rudi kwenye lile swali, ufanye trapeza kwa vipande 6 badala ya 3, uweke hatua hapa kwa picha. Kosa linatakiwa lishuke chini ya asilimia 3. Likikataa kushuka, nionyeshe jedwali lako, na hasa ile y ya x = 2.5, kwa sababu hapo ndipo wengi huandika 6.25 badala ya 0.625.