Jibu: Kwa nini Sooty hachuji?

Ndugu, umeuliza kwa nini Sooty, yule kikaragosi cha mkononi, dubu wa manjano wa televisheni ya Uingereza, anapendwa na babu hadi mjukuu, na kama kikaragosi cha kushona nyumbani kinaweza kufanya kazi hiyo.

Kwanza, hasemi. Harry Corbett, aliyekuwa akimchezesha, alimnunua Blackpool, mji wa pwani Uingereza, mwaka 1948, akampaka masizi masikioni na puani ili aonekane vizuri kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe. Sooty humnong'oneza mtangazaji, naye hurudia kwa sauti. Kwa hiyo hana misemo ya kupitwa na wakati. Mwaka 1976 Matthew, mwana wa Harry, aliposhika usukani, dubu alibaki yuleyule. Halafu anayemwagiwa maji kila mara ni mtu mzima, na hapo mtoto wa kizazi chochote atacheka.

Kikaragosi chako kinaweza kabisa. Kidole cha shahada kiingie kichwani, gumba mkono mmoja, cha kati mkono wa pili. Mkono wa nguo ufike karibu na kiwiko, vinginevyo ngozi itaonekana. Wengi huharibu kwa kukitikisa muda wote: mtazamaji hajui tena nani anazungumza. Kitulize, kigeuze kichwa kwanza, kisogeze sikioni, ndipo kitikise kichwa kidogo. Nawe ukitazame usoni unapokisikiliza. Ukiangalia hadhira wakati huo, kinageuka kitambaa tu. Ukitaka mlio kama wa Sweep, mbwa mwenzake, tumia ulimi wa saksafoni, kile kijipande chembamba kinachotetema ukipuliza, na mlio ufuate mapigo ya sentensi utakayoirudia.