Mkono Ukirukaruka, Pimeni Sukari

*Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 63, mkono wa kushoto unarukaruka tangu jana asubuhi, ila anaongea vizuri. Zahanati wamempa diazepamu, dawa ya kukata kifafa, mara mbili, haukutulia. Hiki ni kifafa kweli? (Boma Ng'ombe)*

Marahaba. Ndiyo, ni kifafa. Si lazima mtu aanguke na kutoa povu. Kikishika sehemu moja tu ya ubongo, kiungo kimoja hurukaruka kwa saa nyingi, hata siku, na mgonjwa ana fahamu zake. Kifafa cha namna hii mara nyingi hakisikii diazepamu, na kurudia dozi ovyo kunaweza kumzuia kupumua. Walimpima sukari? Kila wiki nauliza hivi. Sukari ikipanda mno, mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa hurukaruka hivyo hivyo, na pengine ndiyo dalili yake ya kwanza ya kisukari. Hapo dawa za kifafa hazifui dafu, na mojawapo, fenitoini, inaweza kuipandisha sukari zaidi. Kinachotuliza mkono ni maji ya mshipa na insulini. Sukari ikiwa sawa, apigwe picha ya kichwa kutafuta kiharusi au uvimbe. Mpeleke hospitali ya KCMC leo hii.

*Mtoto akishikwa, tumwekee kijiko mdomoni? (Himo)*

Hapana! Nimeshalijibu hili. Hakuna anayemeza ulimi wake, ila meno yaliyovunjwa na vijiko nimeyaona. Mlaze ubavu, tazama saa. Dakika 5 zikipita, hospitali.

*Ni kweli kitimoto huleta kifafa? (Ngaramtoni)*

Nyama isiyoiva hukupa tegu wa tumboni. Wanaopanda ubongoni na kuleta kifafa ni wale wanaotokana na mayai yaliyomo kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Asiyegusa nguruwe kabisa naye huwapata. Chimbeni vyoo, mfunge nguruwe wenu bandani.

*Kaka anatumia kabamazepini, dawa ya kifafa. Juzi mguu ulirukaruka kwa muda wa saa tatu huku anaongea, wodini wakaongeza dawa nyingine, fenobabitoni. Kifafa hiki sugu, kwa nini wasimlaze kwa nusukaputi kiishe? (Moshi mjini)*

Kwa sababu alikuwa anaongea. Nusukaputi humweka mtu kwenye mashine ya kupumua, na mashine ina hatari zake. Kwa kifafa cha kiungo kimoja huku fahamu zipo, hatari hizo zaweza kuzidi ugonjwa wenyewe. Wodi ilifanya sawa. Nanyi msikiite sugu bado: sugu ni pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa inavyotakiwa zinaposhindwa. Alikatisha vidonge? Njooni na kopo lake, tuhesabu vilivyobaki.