Majibu ya sindano "hayaeleweki", nitolewe tezi?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 34, nina uvimbe shingoni kulia, altrasaundi ikasema sentimita 2 kwenye tezi ya thairoidi, nikachomwa sindano wakavuta seli, karatasi imeandikwa Bethesda 3 na nimeambiwa tu majibu hayaeleweki. Shemeji anasema nitoe tezi yote nipumzike, mama kaleta mitishamba. Silali. Nifanyeje?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana, kuachwa hewani hivyo kunachosha kuliko ugonjwa wenyewe. Tuanze na hiyo namba. Bethesda ni mfumo wa kupanga majibu ya sindano ya tezi, una ngazi 6, ya 2 ni salama, ya 6 ni kansa kabisa, sasa 3 maana yake aliyesoma kwenye hadubini kaona seli zimebadilika kidogo ila hazitoshi kusema ni kansa. Hesabu za mfumo huo za 2023 zinasema kwenye kila 100 wa namba 3 waliopasuliwa, kansa ilikutwa kwa kama 22, na hao ndo walioshukiwa zaidi mpaka wakapasuliwa, kwa wote kwa ujumla ni pungufu ya hapo.

Kutoa tezi yote saa hizi siungi mkono hata kidogo. Ukiitoa yote ni kidonge kila siku maisha yako yote, kalsiamu inaweza kushuka ukafa ganzi vidole, na mishipa ya sauti iko palepale, inaweza kuguswa. Kwanza rudia sindano, safari hii ichomwe huku altrasaundi inaonyesha inapoingia, wengi wakirudia wanapata jibu linaloeleweka. Pima na TSH, homoni inayoonyesha tezi inafanyaje kazi. Halafu muulize wa altrasaundi, kingo zimenyooka? kuna vidoa vya chokaa? matezi ya pembeni ya shingo yakoje? Ikija tena 3, au picha ni mbaya, yaani kingo hazijanyooka, kuna vidoa vya chokaa au matezi ya pembeni yanatia shaka, hapo mnaongelea kutoa nusu tu yenye uvimbe, na nusu inayobaki mara nyingi inatosha kazi.

Mitishamba mwambie mama kwa upole asubiri, haitakupa jibu. Ila uvimbe ukikua haraka, sauti ikikwaruza au kumeza kukiwa shida, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda.

Na vile vioo vya sampuli yako omba uvichukue, mtaalamu mwingine wa patholojia, hata pale Muhimbili, avisome upya kabla hujakubali kisu.