Tia sabuni kabla ya kushangilia

Bamvua likifika Kigombe, pwani ya Tanga, mwamba huachwa mtupu, nami hushuka na glavu na kisu kutafuta sponji, wanyama wa baharini waliojishika mwambani, nikitumaini kemikali zao zitazaa dawa. Siku ya kwanza nilimwamkia mvuvi aliyekuwa akipanga madema. "Marahaba, mjukuu wangu. Hilo dude jekundu usilishike mikono mitupu, litakuwasha hadi kesho." Nikaanza na hilo hilo. Kiumbe asiyeweza kukimbia wala kuuma hujilinda kwa kemikali. Waulize wavuvi kwanza.

Kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na cha hifadhi ya bahari viwe mkononi kabla hujalowa miguu. Lebo andika kwa penseli, uitie ndani ya chupa, maana ethanoli, kileo cha kuhifadhia sampuli, hufuta wino. Sponji imejaa maji, hivyo ethanoli huzimuka. Ibadilishe kesho yake.

Nililokosea zaidi mimi ni la maabara. Nilikuwa natafuta kitu cha kuzuia kimeng'enya kinachokata protini. Kikifanya kazi, maji kwenye vishimo vya sahani hugeuka manjano. Vyote viligeuka, isipokuwa kile nilichotia kamuo la sponji moja nyeusi: kilibaki cheupe kama maji ya dafu. Nilimpigia mama simu usiku ule ule.

Miezi mitatu nikachuja na kutenganisha, na kila nilivyosafisha, nguvu ikapungua. Dada mmoja mzoefu akaniambia nirudie na sabuni ya maabara, Triton X-100, asilimia 0.01 tu. Manjano ikarudi yote. Kumbe molekuli zilikuwa zimejikusanya vidonge vidogo visivyoonekana, vikakinasa kimeng'enya. Sabuni ikavitawanya, kikaachiliwa. Kipimo cha nusu siku kingeniokolea miezi mitatu, na bado naumia nikikumbuka.

Kinachopita sabuni kipime pia kwa kimeng'enya kingine kabisa, kwani kinachozima kila kitu hakina shabaha.

Usikate tamaa, lakini. Mwaka 1951 Werner Bergmann na mwenzake walieleza molekuli ngeni za sponji ya Florida, zinazofanana na vipande vinavyojenga DNA. Wazo hilo likazaa saitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 kutibu saratani ya damu. Humzuia mnakili wa DNA, polimerasi. Nayo hutengenezwa maabara, mwamba ukabaki salama.

Lile dude jekundu la babu nimelitia sabuni mara tatu. Kishimo chake bado cheupe. Wiki ijayo nalipima kwa kimeng'enya cha pili.